Mistari Yake, Jina Langu

Nilianza kumchukia kwa sababu ya nafasi tupu. Mwenzangu huyo alitoka mtaa wa Kinama kila asubuhi hadi ofisi yetu ndogo ya Kinindo, upande wa pili wa mji, na mshahara wa mkataba wake ndio uliolisha mke na watoto watatu. Kuandika programu alijifunzia kwenye daftari la miraba, kabla hajagusa kompyuta. Mwalimu wake wa shule ya msingi alikuwa akikata alama kwa kila mstari uliopinda, na adabu ile ilimkaa mwilini. Alama zake za sawasawa, zile za =, zilisimama safu moja, kila moja chini ya mwenzake. Alizipanga kwa kubonyeza nafasi moja moja, taratibu, hadi nikatamani kumpiga.

"We, hii ni programu ao ni daftari ya mutoto wa shule?" nilimuuliza mbele ya wote. Wakacheka.

"Shefu, kama imepangwa vizuri, mi makosa naiona mbiyo."

Ni kweli, aliyaona. Makosa yake yalikuwa machache kuliko yangu, na roho iliniuma.

Nikaweka chombo kinachopanga programu chenyewe: ukihifadhi faili, kinafuta nafasi za ziada. Sikumwambia. Nilisimama nyuma yake akamaliza safu, akahifadhi, safu ikavurugika. Akapanga tena, ikavurugika tena. Mara ya tatu akafuta viganja kwenye suruali, akaacha. "Mwenye nguvu mpishe," mmoja akasema, na kicheko changu kikawa kikubwa kuliko vyote. Nilifurahi, sifichi.

Jumamosi moja nikakipitisha chombo kwenye programu zetu zote, za zamani na mpya. Sasa, mfumo wetu huonyesha kando ya kila mstari jina la mtu aliyeubadilisha mwisho, hata kwa kufuta nafasi moja tu. Jumatatu nikafungua kazi yake ya miaka miwili, nikaona jina langu kutoka juu hadi chini. Hilo sikulipanga. Lakini nililiona, nikanyamaza.

Mwezi ule mkataba wake ulikuwa unaisha. Patron, mwenye kampuni, ambaye programu hazijui, akafungua ukurasa ule wa majina, akatafuta jina la mtu wa Kinama.

"Huyu anafanyaka nini hapa?" akaniuliza.

"Unajionea mwenyewe, patron," nikasema.

Siku ya mwisho mwenzangu alikuja mezani kwangu na kikombe chake mkononi. Alikuwa ameambiwa kwa nini mkataba haukuongezwa: jina lake halikuonekana kwenye kazi.

"Shefu, ile mashine haiwezi kurudisha majina ya zamani? Patron aone tu."

"Apana. Haiwezi."

"Sawa, shefu. Asante."

Akarudi kwenye meza yake, akakisukuma kiti mpaka kikalingana na ukingo, akatoka.

Inaweza. Ni amri ya mstari mmoja, inayoiambia mashine iyaruke mabadiliko ya Jumamosi ile. Nilikuwa naijua kwa kichwa.