Siku Niliyomng'ata Askari Barani

Mengine ya haya nimehadithiwa juzi na Nyevu, kitinda mimba wangu, tukichambua mchicha. Nilikuwepo, ila palipo patamu nilikuwa nimefumba macho.

Nilimng'ata askari.

Nauza mnazi, tembo la kugema, hapa Barani. Asubuhi ile saa za kuuza zilikuwa bado, na wateja wangu walishakaa. Askari wakaingia. Wateja wakaruka ua kama panzi.

Mimi na magoti haya niruke wapi? Nikakumbatia nguzo ya banda.

"Mama, twende tu kwa hiari," akasema kijana mmoja, akinibandua vidole kwa adabu zake.

"Nivute basi, kama umekula ukashiba."

Akanishika mkono. Nikafumba macho, nikauma. Nina meno matatu, na yote yakapata kazi.

Hakupiga kelele. Akasema polepole, "Mama, niachie. Mimi ni Mwaro."

Mwaro wa Ganze, ambaye wazee wake walikuwa waje Jumamosi kumposa Nyevu. Nilikuwa sijamwona hata siku moja. Kwetu Wagiriama mkwe hata mkono humpi ovyo. Mimi nishamwonja.

"Niliomba nikushike mimi," akasema, "wasije wenzangu wakakuburura."

Nikafumbua macho. Nyevu yuko mlangoni, leso mdomoni, analia.

"Mama, ushaniharibia."

Nikapanda gari la polisi mwenyewe, bila kushikwa.

Kituoni mkubwa wao akasema, "Kuuza mapema ni dogo. Kukataa kukamatwa na kumuuma askari, hiyo ni kesi. Mwaro, nani kakuuma?"

"Mbwa, afande."

Mkubwa akautazama mkono, kisha akanitazama mdomo.

"Mbwa mzee sana huyo."

Akaniachilia kwa onyo.

Jumamosi wakaja, Mwaro na bandeji yake. Hatujataja hata mahari, mzee wao Kamande akakohoa.

"Tumekuja kuposa. Lakini kijana wetu kaliwa kabla hajaoa. Tunadai mbuzi."

Nikamtazama kaka yangu Sanga anitetee.

"Wana haki," akasema Sanga. "Tena awe mnono."

Basi mimi, mama wa bibi harusi, ndimi niliyeanza kutoa. Mbuzi akafungwa kamba, posa ikapokewa, Nyevu akacheka mpaka akakaa chini.

Wanangu, ukikamatwa nenda. Maneno yako utayasema kituoni. Huo mkono unaotaka kuung'ata hujui ni wa nani.

Usiku ule Nyevu alilala mapema. Mimi nikabaki nayapapasa meno kwa ulimi, nacheka peke yangu gizani, mpaka usingizi ukanichukua. Huo sikuukatalia.