Jino la Skrubu

Tangu apandikizwe jino la mbele upande wa kulia, lililokazwa mfupani kwa skrubu, miaka kumi na ushei sasa, fundi cherehani hakuwahi kuliamini. Kila akikanyaga pedali, ulimi ulikwenda kulisukuma kidogo, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Nyuzi alizikata kwa meno ya kushoto tu. Mkasi ulikuwepo mezani, lakini mdomo ulikuwa karibu zaidi.

"Mama, si uliache litulie?" binti yake alimwambia.

"Kitu cha skrubu lazima kilegee. Cherehani hii nimeikaza mara ngapi?"

Asubuhi moja jino likacheza. Akaacha gauni la watu lina mkono mmoja, akakimbilia kwa daktari wa meno huku amefunika mdomo.

Daktari alipiga picha, akagonga jino moja moja, kisha akacheka.

"La kupandikiza limeshikana na mfupa, mama, na ufizi wake ni mzima. Linalocheza ni jirani yake wa kushoto, lako la kuzaliwa. Limelika vibaya. Kwani unalikatia waya?"

Akarudi kwenye gauni amenuna. Mkono wa pili ulipokamilika, akainamia uzi. Mdomo ukageuka kushoto wenyewe, akauzuia. Binti akamsogezea mkasi.

"Mkasi wa nini?" akafoka, na kwa mara ya kwanza akaukata uzi kwa jino la skrubu. Ukakatika mara moja.

Hapo hapo ulimi ukahamia kushoto, ukaanza kusukuma.