Teke Ndani ya Wimbo

Mimi kusoma sikusoma. Haya nayasema kwa mdomo, mwingine ameshika kalamu, na nikimwona anavyokunja uso najua ananipunguzia matusi. Apunguze tu.

Ninachokijua mimi ni kuiga watu. Toka msichana. Naweza kuwa mwenyekiti wa kijiji akisimama kwenye mkutano, "Ndugu wananchi, eeh, ndugu wananchi, mimi sina mengi," halafu jua linazama bado anayo. Naweza kuwa bwana mifugo, anavyoongea na ng'ombe kwa adabu na mwenye ng'ombe kwa ukali. Marehemu mume wangu nilikuwa naigiza kikohozi chake nje ya mlango, wageni wanasimama wamwamkie, wananikuta mimi na ndoo. Kijiji chote kimo humu kooni. Mtu mmoja tu sikuwa nimemtoa, binti yangu, tangu tulivyomzika.

Alikufa mwezi wa kuuza pamba. Aliumwa siku tatu, ya nne tukamrudisha kutoka hospitali Bariadi kwenye gari la mtu, tumemfunika vitenge vyangu viwili. Akaniachia binti yake, yuko darasa la tano, na simu. Watu walijaa msibani, wamekaa wananiangalia usoni wanangoja nilie. Sikulia. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unaushika, unajiuliza, huu mguu wa nani? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikula, nilioga, nilianika mahindi. Jirani mmoja ambaye sauti yake inapitia puani akaninong'oneza, "Lia, dada, utapasuka." Nikamjibu kwa puani vile vile, "Sipasuki." Akanuna, akahamia upande wa wanaume.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mwalimu wa muziki akaja nyumbani. Kijana wa mjini, suruali imembana mpaka kukaa kwenye kigoda ilikuwa shughuli.

"Bibi shikamoo! Yaani bibi, mjukuu wako ana sauti hatari."

"Marahaba. Kama ni hatari mfungeni."

Akacheka, akanieleza. Siku ya kufunga shule, kabla ya likizo ya Desemba, kutakuwa na tamasha la nyimbo za msimu, na wote watakaoimba lazima kwanza wasimulie habari ya wimbo wao, ulitoka wapi, nani aliutunga, kwa sababu gani. Kundi moja alikuwa amelifundisha wimbo wa theluji.

"Theluji ndiyo nini?"

"Ni kama barafu, bibi. Inaanguka kutoka juu."

"Mvua ya mawe."

"Hapana, hii ni laini."

"Inaangukia wapi?"

"Ulaya."

Nikamwangalia. Mbuzi wangu walikuwa wamebanana kwenye kivuli cha choo, ndimi nje. Nikamuuliza, "Sasa watoto wa hapa kwetu Sapiwi habari yake wataisimuliaje?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. Mjukuu alikuwa amemwambia kwamba mama yake alitunga wimbo wa Krismasi. Mwalimu alitaka mtoto auimbe peke yake, mbele ya wazazi. "Ila bibi, Jumatano ijayo namsikiliza. Akiwa hajaushika, sina jinsi, namweka kwenye theluji."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Niliona vidole vya miguu vikijikunja.

Wimbo wenyewe ulikuwa hivi. Kwetu Krismasi inakuta mvua imeshanyesha, watu wamo kwenye pamba, unaenda kanisani na tope katikati ya vidole. Basi binti yangu akatunga kufuatana na hapo. Anaanza yeye, "Kazaliwa!" Kwaya inamuuliza, "Nani kakwambia?" Yeye anajibu, "Mvua imeniambia nikiwa shambani." Tena kwaya, "Nani kakwambia?" Na yeye anataja mwingine aliyemwambia, ng'ombe, mbegu, jirani, maneno mengi, na sauti inapanda na kushuka anavyotaka yeye. Kwaya walijua kuuliza tu. Majibu yote alikuwa nayo yeye. Alipokufa wakauweka, hawakuuimba tena. Palipobaki pa kuusikia ni kwenye simu yake, alikuwa akijirekodi akipepeta mchele.

"Bibi, nipe simu ya mama niusikilize."

Nikamwambia haina chaji. Kesho yake nikamwambia sola ya jirani imekufa. Kumbe simu ilikuwa na chaji, iko chini ya mto wangu. Wimbo ndio haukuwemo.

Nilikuwa nimeufuta mimi. Mwezi wa tisa nilienda nayo gulioni, kwa yule mama anayechaji simu za watu na kuuza miziki. Nilitaka aniwekee ngoma za kulima, nyumba ilikuwa kimya mno. Akaichomeka huku anatafuna bazoka. "Mama, kadi imejaa, haipokei. Nifute za zamani?" Nikasema futa. "Zote?" Zote. Mimi nilijua kadi ni ya miziki ya kununua, na sauti ya mwenye simu inakaa kwenye simu yenyewe, kama harufu ya mtu inavyokaa kwenye nguo yake. Nani alinifundisha vingine? Ngoma zikaingia. Nikamwambia, haya, sasa nisikilizishe binti yangu. Akabonyeza. Akabonyeza. Akaacha kutafuna.

Hapo tena watu wangetegemea nilie. Nilimlipa, nikanunua chumvi, nikarudi.

Siku ya tatu uongo ukaniishia. Mtoto alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, akasema bila kuniangalia, "Bibi, Jumatano imekaribia." Nikafanya ninachokijua. Nikatafuna hewa, nikasema kwa sauti ya yule mama wa gulioni, "Kadi imejaa, haipokei. Nifute za zamani?" Halafu nikasema kwa sauti yangu, "Futa." Halafu, "Zote?" Halafu, "Zote."

Kwanza alitabasamu, alijua ni mchezo kama siku zote. Tabasamu likachelewa kutoka, likabaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka. Akasuuza sufuria, akaigeuza juu ya mawe, akaenda.

Asubuhi hakuniamkia. Jumamosi nzima, Jumapili nzima. Nilimjaribu. Nikapita na sauti ya mwenyekiti, "Ndugu mwananchi, eeh, shikamoo yangu iko wapi?" Kimya. Nikakohoa kikohozi cha babu yake. Kimya. Akala chakula akiwa amenipa mgongo, akaosha mpaka sahani yangu, akalala upande wa ukutani. Mtoto wa watu ana adabu hata akikuchukia.

Jumatatu alfajiri tulikuwa kwenye palizi, kabla hajaenda shule. Yeye mbele kwenye mstari wake, mimi nyuma kwenye wangu, tunaona migongo tu. Tope linashika jembe, unalipiga, linashika tena. Nilikuwa nawaza magugu. Basi mdomo ukafunguka na yeye akatoka. Binti yangu. "Kazaliwa!" Sikumwita. Alitoka kama jasho linavyotoka.

Jembe la mtoto likasimama hewani.

Nikaendelea. Nikauliza mwenyewe kama kwaya, nikajibu mwenyewe kama yeye. "Mvua imeniambia nikiwa sham," nikakata pumzi, "bani." Nikaenda mpaka mwisho, ng'ombe, mbegu, jirani, wote. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya pili. Najua watu wanafikiri hapo kifua kilifunguka. Hakikufunguka. Niliona tu kwamba gugu moja nimeliruka, nikarudi kuling'oa.

Mtoto hakugeuka. Akasema, "Pale kwenye shambani ulikata pumzi. Umechoka?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa.

"Sijachoka. Ndivyo ulivyo."

"Mwalimu atasema nimekosea."

"Mwalimu wako anaimba theluji. Sikiliza nikwambie."

Nikamwambia. Mwaka ule mvua ilichelewa, ikaja na Krismasi mkono kwa mkono, watu wote mashambani kupanda. Mama yako ana mimba ya miezi minane, tumbo limemtangulia kama mwenyekiti. Anatoka shambani, hajaoga, jembe begani, anakwenda mazoezi ya kwaya, na njia nzima anatunga. Akaingia kanisani na tope lake, akasema nisikilizeni. Akaanza. Amefika kwenye "nikiwa sham," akapigwa teke. Humu, chini ya mbavu. Pumzi ikakata. Akashika mbavu, akangoja, ndipo akamalizia, "bani." Kwaya wakajua ndivyo unavyokwenda, wakakariri hivyo hivyo. Yeye aliona aibu kuwaambia. Mpaka wakaja wageni wa kutoka mjini, mkuu wa kwaya akawaeleza, na hapa nikamwigiza na shingo yake ndefu, "Pale katikati tunanyamaza, wapendwa, kwa kumsubiri Masihi." Mimi na mama yako tulikuwa kwenye benchi la nyuma. Tulicheka mpaka tukatolewa nje.

"Nani alimpiga teke?" akauliza.

"Ulizaliwa mwezi wa kwanza. Piga hesabu, wewe si ndiye msomi."

Halafu akashika jembe, akalima. Akaanza kwa sauti ndogo. Kila akifika kwenye sham alikuwa anakata mapema mno, namwambia bado, hujapigwa bado. Tukafanya hivyo mpaka jua likawaka, na Jumanne tena.

Jumatano mwalimu akamsikiliza. Akampitisha, ila akamwambia ile sehemu aiunganishe, kinanda hakiwezi kungoja. Mtoto alirudi akaniambia hivyo, kwa sauti ya mwalimu kabisa, "Yaani pale unaua biti." Nikashangaa. Anaiga. Sikujua anaiga.

Siku ya kufunga shule wazazi tulikaa kwenye madawati chini ya turubai. Mwenyekiti akasema hana mengi, akasema yote. Kundi la theluji likaingia. Mwalimu alikuwa amewapa pamba mikononi, wakawa wanairusha juu, inawaangukia kichwani, wanaimba baridi huku jasho linawachuruzika. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Hiyo pamba safi wanairusha ni ya nani?" Kasichana kamoja kakasimulia habari ya wimbo, "Theluji ni barafu laini inayopatikana Ulaya," kakainama, tukapiga makofi.

Akaja wangu. Sketi amenyoosha mwenyewe kwa pasi ya mkaa. Miguu imesimama sambamba. Akasema, "Wimbo huu alitunga mama yangu akitoka shambani. Katikati mtasikia nimenyamaza. Sijasahau. Ni pale nilipompiga teke, nikiwa tumboni." Watu wakacheka. Nikamwona mkuu wa kwaya ananyoosha ile shingo, anageuka kulia na kushoto kama mtu aliyeibiwa kitu.

Mwalimu akawasha kinanda chake cha betri, ti-ti-ta, ti-ti-ta. "Kazaliwa!" Wale kina mama wa kwaya walikuwa wametawanyika katikati ya wazazi, hakuna aliyewaambia waitikie. Waliitikia. "Nani kakwambia?" Mimi nilikuwa natazama turubai. Lilikuwa na viraka vitano, kimoja cha gunia. Nikasema moyoni, sasa mvua, sasa nikiwa, sasa sham.

Akanyamaza.

Kinanda kikaenda mbele peke yake, ti-ti-ta, ti-ti-ta, kikawa kinachekesha. Mwalimu akatoa mikono, akakizima. Mtoto akaweka kiganja chini ya mbavu, akangoja. Alingoja kuliko nilivyomfundisha. Nikasikia kina mama kila upande nao wamezuia pumzi. Yule jirani wa puani alikuwa analia wazi wazi.

"Bani."

Mimi nilijigusa uso kuangalia kama kuna kitu. Pakavu. Nikapiga makofi kama wengine.

Baadaye mwalimu akanifuata. "Bibi, nimerekodi yote, nikurushie kwenye simu?" Nikamwambia mrushie mwenyewe, hapa mimi sibonyezi kitu. Mtoto akaichukua simu kutoka mkononi mwangu. Hakunikasirikia, hakunichekea. Akaiweka mfukoni kwake, na mpaka leo inakaa huko.

Tukarudi nyumbani. Nikabandika maji ya ugali. Yeye akabadilisha sare, akaenda kukaa kwenye jiwe la kufulia, mbali kidogo, amenipa mgongo. Nikasonga. Nilipoepua nikamwita, njoo ule. Hakuja. Nikafikiri tumerudi kule kule kwenye kimya.

Akasema bila kugeuka, "Bibi. Siyo wimbo. Niite kama yeye."

Binti yangu hakuwa akimwita kwa jina, alimwita "Mayu", mama, kama tunavyowaita watoto wa kike tuliowapa majina ya wakubwa. Na alikuwa analivuta mwishoni, analipandisha, kama anauliza kama yupo.

Niliweka mwiko chini. Humo ndani hakukuwa na kitu kilichosogea, nilijichungulia, hakuna. Ila koo lilikuwepo.

"Mayuuu? Ugali unapoa."

"Abee," akaitika. Akaja, akanawa, akala.