Kanari wa Mwisho wa Yudith

Kunapambazuka Mikumi. Ukungu umelala juu ya barabara kuu, na malori yaliyoegeshwa tangu jana bado hayajawashwa. Nyuma ya nyumba moja ya wageni, Yudith Lugendo anapepeta uwele kwa ungo mdogo, taratibu, na makapi yanaelea kidogo hewani kabla ya kushuka.

Hafungui mlango wa banda la ndege mara moja. Anasimama kwanza, kichwa amekiinamisha, anasikiliza.

"Asubuhi wanasemezana," anasema kwa sauti ya chini. "Ukiingia kwa pupa, hujui nani analalamika."

Yudith ndiye mtunza ndege wa nyumba hii. Banda lina kibali, na waliomo ni chiriku, wale ndege wadogo wenye kifua cha manjano wanaookota mbegu pembezoni mwa mashamba. Waliokotwa wakiwa makinda, viota vyao vimeanguka. Wageni wanaotoka kutazama tembo hukaa hapa na chai yao, na wengi huishia kusinzia. Mwandishi wa habari hii naye alisinzia, wala haoni aibu.

Lakini moyo wa Yudith hauko bandani. Uko chumbani kwake, kwenye tundu dogo lenye kanari jike, wa manjano mwili mzima. Mama yake, kule Berega, alipewa kanari na muuguzi mmoja wa misheni, akawafuga hadi alipofariki. Yudith akawarithi, akaja nao kazini. Amebaki huyu mmoja, na umri umemwendea. Asipopata makinda msimu huu, kanari wa mama yake watakuwa wamekwisha.

Yote yalianzia masika ya mwaka juzi, dume la kanari lilipokufa kwa baridi. Jike akaacha kula. Akakaa amejivimbisha manyoya, anatazama ukuta.

"Mimi ni mjane," anasema Yudith. "Nilikuwa najua anachokitazama pale ukutani. Nikamwonea huruma, nikamtia bandani pamoja na chiriku, apate wa kuzungumza naye."

Haikuchukua muda. Chiriku dume mmoja akaanza kumletea mbegu mdomoni, akimwimbia kwa haraka haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Jike akakubali, akaanza kula tena. Yudith alifurahi, na hapo ndipo alipofanya kosa la Kikaguru kabisa.

"Kwetu Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama," anaeleza, huku akicheka na kutikisa kichwa. "Nikajiambia, mama ni kanari, basi watoto watakuwa kanari. Baba ni mkwe tu, kaja kutusaidia."

Yakaanguliwa makinda mawili, dume na jike. Yalipoota manyoya yalikuwa na kichwa cha kijivu na kifua cha manjano chenye madoa, kama ukuta uliopakwa rangi ikaishia njiani. Chotara. Yule chotara jike alipokomaa alitaga, akaatamia kwa bidii zote. Yudith alipoyamulika mayai yale kwa tochi ya simu hakuona mshipa hata mmoja. Yalikuwa matupu, na yaliyofuata pia; chotara hakuweza kuzaa.

"Niliumia sana," anasema. "Alikuwa anayageuza kwa mdomo, anayafunika vizuri. Alikuwa mama kwa kila kitu isipokuwa watoto."

Yule chotara dume ndiye aliyeleta mtihani. Anaimba! Ana pumzi ndefu ya mama yake na mbio za baba yake, na akianza hata mpishi huacha kukatakata vitunguu. Wageni humrekodi kwa simu zao. Yudith alipotaka kuwatenganisha wazazi wake, mwenye nyumba, Oswald, hakuona sababu ya kufanya hivyo kwa wazazi wa nyota kama huyo.

"Mama Yudith, waache tu," alimwambia. "Tupate wengine kama yeye. Watu wanauliza."

"Bosi, wewe unasikia wimbo. Mimi nasikia ukoo unafika mwisho."

"Kwani huyu humpendi?"

"Nampenda. Ndiyo maana sitaki mwingine. Nimeona dada yake anavyoatamia."

Oswald akasema sawa, ila mwimbaji abaki. Yudith akamhamishia kanari jike chumbani kwake na kuanza kuulizia dume la kanari. Akalipata Kilosa mjini, Mabwerebwere, kwa Domina, fundi cherehani mstaafu aliyepewa kanari na muuguzi yuleyule. Domina akaliazimisha kwa moyo mweupe.

Likaja, likaimba, likajitanua. Jike hakuligeukia. Kila chiriku wake alipoita kutoka bandani, aliitika, akahamia upande wa dirisha. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Yudith alifunika dirisha kwa khanga, akahamisha tundu hadi stoo. Bado walisikiana.

"Nikaona hapa mimi ndiye ninayemchelewesha," anasema. "Inabidi aende mahali ambapo ile sauti haifiki."

Kwa hiyo asubuhi hii tunapanda basi la Kilosa, matundu mawili, la jike na la dume la Domina, yamefunikwa kitambaa chepesi. Baada ya kijiji cha Ulaya mvua nyepesi inaanza, na milima inapotea nyuma ya vioo. Ndani ya kitambaa kuna kimya. Yudith ameweka kiganja juu yake njia nzima, kama anavyotulizwa mtoto mwenye homa.

"Shikamoo, bibi," Yudith anasema mlangoni kwa Domina.

"Marahaba, Yudith. Umemleta bibi harusi?"

Domina ameandaa tundu refu lenye waya katikati. Dume linawekwa upande mmoja, jike upande wa pili. Wanawake wanakunywa chai. Mvua inanyesha juu ya bati, na nyumba nzima inakuwa kama imeingia usingizini.

Kwa muda mrefu jike ameinua kichwa, anasikilizia. Hakuna anayeita. Dume linasogea, limebeba mbegu iliyomenywa, linaipitisha kwenye waya. Jike anaitazama. Kisha anaichukua.

"Toa waya, bibi," Yudith ananong'ona.

Mpango wake ni huu: jike abaki kwa Domina msimu wote. Makinda yakitoka na kuweza kujilisha, atachukua jozi arudi nayo Mikumi, na chumbani mwake chiriku hataingia tena hata kwa dhiki ya namna gani. Huenda jike huyu mzee asitage kabisa, na hilo analijua.

"Naomba yai moja tu lenye mishipa," anasema. "Nitapiga goti popote nitakapokuwa."

Anabeba tundu tupu na kuaga. Anapofika mlangoni, kanari anaita, mlio mmoja mfupi ambao Yudith huujibu kwa mluzi kila siku. Anaita tena. Yudith anatoka bila kugeuka, na machozi yanamtoka waziwazi.

Mwandishi anamuuliza kama hakusikia.

"Nimemsikia," anasema. "Nikimjibu, ataacha kumsikiliza mwenzake."