Chupa Niliyoijaza Maji ya Mfereji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kiwiko changu kilipogonga chupa ya daktari wa maabara na nusu ya maji yake ikamwagika mezani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, natoka Kisumu Ndogo, pale Kibera, kwa miguu kila asubuhi kwenda kufagia chuoni. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mahali nivumilie. Lakini haya niliyaona mwenyewe, na watu nitawataja kwa majina, maana nimenyamaza vya kutosha.

Kazi hiyo nilitafutiwa na Otieno wa Kianda, aliyekuwa akisali kanisa moja na mama yangu. Yeye alikuwa fundi wa maabara, mkono wa kulia wa Daktari Nyambura. Daktari alichunguza protini ya damu, kwa sababu ya ule ugonjwa wa selimundu, unaopinda chembe za damu na kutesa watoto wetu wa upande wa Ziwa. Otieno alinieleza tukinywa chai.

"Ona, Adhiambo. Protini ni kama ploti yetu, vyumba vimebanana. Sisi tunaweka kialama kidogo kwa chumba kimoja tu, halafu tunapitisha mwanga wa infraredi, ule macho hayauoni, unausikia tu kama joto la jiko. Kialama kinatikisika. Vile kinatikisika ndivyo tunajua chumba hicho kina maji ama ni kikavu, kimebanwa ama kina nafasi."

"Na huo mwanga unajua hayo yote?"

"Kuliko mama mwenye ploti!" Tukacheka.

Kitu ambacho hakuniambia, na mimi sikuuliza, ni kwamba maji ya kawaida huumeza mwanga huo, tena palepale protini inapotaka kusema. Ndiyo maana waliyeyushia protini kwenye maji mazito, yasiyoumeza mwanga hapo, yanayoagizwa ng'ambo kwa bei kali kwa chupa ndogo. Ukiyaangalia ni maji tu. Hayana rangi, hayana harufu, na ndiyo yaliyokuwa kwenye chupa ile.

Sasa kwetu Kibera maji ni ya kununua kwa mtungi. Ukimwaga ya jirani, unakimbia kujaza kabla hajarudi, na akikuta mtungi umejaa hakuna maneno. Nimelelewa hivyo. Basi nikapanguza meza, nikafungua mfereji wa ukutani, nikajaza chupa hadi mstari uleule. Niliona nimefanya adabu, mwanangu. Adabu!

Wafula, msimamizi wetu wa usafi, alinikuta mfereji ungali unatiririka. Nikamweleza. Sheria ilikuwa wafagiaji tusiingie chumba cha maabara bila fundi, na yeye ndiye aliyeacha mlango wazi. Akaniambia, "We nyamaza. Maji ni maji." Nami nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye Daktari akatuita sote. Mkononi alikuwa na karatasi ya mashine, ina mstari wa kupanda na kushuka. Akaweka kidole kwenye kilima kimoja.

"Hii hapa ni maji ya mfereji," akasema.

Mimi niliyedhani hakuna binadamu angejua, karatasi ilikuwa imebakisha jina langu tu! Damu ya watoto iliyokusanywa miezi mingi ilikuwa imepitia chupa ile. Yote bure.

"Chupa inashikwa na nani?"

"Na mimi," Otieno akasema.

Ndipo Wafula akasimama mbele ya watu. "Daktari, mimi nilimwona Otieno akitoka na kichupa cha hayo maji kwa mfuko."

Uongo mtupu. Otieno hakumtazama Wafula. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, nami nikarudisha macho sakafuni. Alifukuzwa siku hiyohiyo. Na Daktari Nyambura namtaja pia: msomi mzima, protini anaipima miezi sita, mtu akampima dakika tano.

Mwezi mzima ukapita. Nikamtafuta Otieno, nikaambiwa amehamia Kawangware, anatengeneza simu kibandani. Nilimkuta ameinamia simu iliyofunguliwa. Nikasema yote nikilia. Hakuinua kichwa.

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Uliangalia sakafu hata kabla Wafula hajafungua mdomo."

"Mbona hukunitaja?"

"Nikutaje, na mama yako ana wale watoto wanne? Nilingoja useme mwenyewe. Nilingoja mpaka getini. Na nilitembea polepole, Adhiambo, kama unataka kujua."

Akashika tena bisibisi yake. "Kumwaga si kosa. Ungeniambia dakika hiyo tungetupa chupa moja. Wewe ulijaza."

Kesho yake nilimwambia Daktari. Alikaa chini akafunika uso. Saa sita sikuwa na kazi, na nilistahili. Otieno aliitwa arudi, akakataa. Alisema mahali alipoitwa mwizi mbele ya watu hapaingii tena. Kina mama wengine walikataa watoto watolewe damu mara ya pili. Wafula? Wafula alibaki na funguo zake hadi akastaafu. Hilo bado linaniuma.

Sasa nisikilize. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi naongeza: usiyajazie. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie kikiwa bado kimeharibika, kabla hujakipamba. Kosa la asubuhi ni lako peke yako. Likifika jioni limeshaingia nyumba za watu. Na mkubwa akikwambia nyamaza, jiulize anaficha mlango gani. Usidhani mwenye kukupenda atakungoja milele. Yeye pia ana geti la kutokea.

Mungu akupe ulimi unaowahi. Akuepushe na akina Wafula, na asikufanye mmoja wao. Siku utakayosimamishwa mbele ya watu, awepo hata mmoja wa kusema kweli kwa ajili yako. Amani, mwanangu.