Mtalii Aliyelala kwenye Kiti cha Taratibu

Ilikuwa mwaka ule gati la mbao lilipobomolewa. Hapana, tusichanganye. Gati lilibomolewa mwaka uliofuata, na zogo lake ni hadithi nyingine kabisa. Meli ya watalii ilikuja kabla, gati la zamani likiwa bado lipo na mbao zake zikilia kila ukikanyaga. Basi na iwe mwaka huo.

Pale kwenye lango la bandari kulikuwa na kichumba cha kinyozi. Mwenyewe watu walimwita Taratibu, na hawakumsingizia. Ukimpelekea ndevu zako asubuhi, ilifaa uage kabisa nyumbani. Kisiwani walikuwapo vinyozi wengine, wenye mashine za umeme, waliokutoa mlangoni kabla kiti hakijapata joto, lakini wachukuzi wa mizigo hawakwenda huko. Walikuja kwa Taratibu wakitoka zamu ya usiku, macho mekundu, migongo imekufa ganzi. Aliwapaka povu, akawanyoa kwa wembe, na wengi wao walipitiwa na usingizi palepale kitini.

Hapo ndipo ilipokuwa sheria ya chumba kile: aliyelala kwenye kiti haamshwi. Aliianza babake Taratibu, aliyekuwa kinyozi humohumo kabla yake. Alikuwa akisema kwamba mtu akishakupa koo lake, wembe uko mkononi mwako, halafu akakuongezea na usingizi wake, huna tena la kumdai. Mteja aliyekuta hali hiyo alikaa kwenye benchi akaongea kwa kunong'ona, au alikwenda kuzurura akarudi. Hakuna aliyenuna, maana kila mmoja alijua na yeye siku yake ya kulala ingefika.

Sasa meli ilipokaribia kuja, mkuu wa bandari aliwaita wote waliokuwa na vyumba pale langoni. Aliwaambia meli ni kubwa mno, haitaweza kufunga gatini. Itatia nanga mbele kidogo na watalii wataletwa kwa boti. Jioni meli ingeondoka, isingesubiri mtu. Kwa hiyo yeyote ambaye angemchelewesha mtalii mpaka akaachwa, angerudisha ufunguo wa chumba siku hiyohiyo. Vyumba vilikuwa mali ya bandari, na mkuu hakuwa mtu wa kubembelezeka. Taratibu alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua ya nchi nyingine. Meli yenyewe, aliambiwa, ina saluni ndani. Nani ashuke huko aje kunyolewa na yeye?

Siku ikafika. Watalii walishuka na kofia zao, wakapiga picha milango, paka, hata kamba zilizorundikwa kando ya ukuta. Walichungulia kwa Taratibu, wakatabasamu, wakapita. Jua lilipoanza kuinama akaingia mzee mmoja mrefu, peke yake, shati limemlowa mgongoni. Alijionyesha kidevu kwa kidole, akakaa. Lugha hawakuwa nayo, na haikuhitajika. Taratibu alimfunika usoni taulo la maji moto, akakoroga povu, akanoa wembe kwenye mkanda, akaanza shavu la kushoto. Alipolimaliza la kulia, mgeni alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya tumbo.

Honi ya kwanza ya meli ililia. Shemeji yake Taratibu, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango. Akaja mbio akasimama mlangoni.

"Shemeji, huyo si wa meli huyo?"

"Saa hizi ni wa kiti," Taratibu akajibu kwa sauti ya chini.

Shemeji akashika kichwa, akavuka barabara kumwita dada yake, ambaye alikuwa akishona nguo za watu barazani kwake. Naye akaja, futi ya kupimia nguo bado imemning'inia shingoni. Alimtazama mgeni, akamtazama mumewe.

"Baba watoto, mwamshe huyo baba wa watu. Usafiri wake unamwacha."

"Akiwa kitini siwezi."

"Basi mtoe kitini kwanza, ndio umwamshe."

Shemeji ndiye aliyepata la kufanya. Alisema sheria inakataza mkono, haikatazi kelele. Kelele ni za dunia nzima, hazina mwenyewe. Taratibu alifikiri, akaona hapo hapana kosa. Basi akaangusha beseni. Shemeji akafungulia redio mpaka mwisho. Mke akavuka barabara, akarudi amekumbatia cherehani yake ya mkono, akaiweka kwenye benchi akaizungusha bila nguo wala uzi, ikanguruma kama inasaga kokoto. Wachukuzi wawili waliokuwa wakipita wakasimama kushangaa, kwa sababu katika chumba kile hata kukohoa watu walikohoa kwa adabu. Mgeni kimya. Usingizi wa pono.

Honi ya pili. Kipaza sauti cha langoni kikaanza kuita jina ambalo hakuna aliyeweza kulirudia.

"Shemeji," mlinzi akasema, na sasa hakuwa na utani, "huo ufunguo watauchukua kweli. Nawajua."

Taratibu akapeleka mkono mpaka karibu na bega la mgeni. Chumba kile alikiingia akiwa mdogo wa kusimamishwa juu ya kreti ili akifikie kioo. Hakuwa na kingine. Lakini alifikiri juu ya wachukuzi wale wawili waliosimama mlangoni. Leo akimwamsha huyu kwa kuogopa ufunguo, kesho mmoja wao akikaa hapa atafumba macho kwa kuamini nini? Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha ukashuka ukachukua taulo, akalikunja.

Honi ya tatu. Boti ya mwisho ikaondoka.

Meli ilipokwisha kupotea nyuma ya rasi, mgeni akafumbua macho. Akajipapasa kidevu, akaenda mlangoni, akaitazama bahari iliyokuwa tupu. Hakupiga kelele, wala hakukimbia. Alirudi akakaa, akaonyesha nywele za sikioni ambazo Taratibu alikuwa hajazigusa.

Mkuu wa bandari alikuja kabla hazijaisha. Aliongea mengi, na yote yalikuwa ya haki kwa upande wake. Taratibu alimaliza sikio la pili, akafuta wembe, akautoa ufunguo mfukoni akampa.

Usiku ule, wakati wa chakula, shemeji alisema jambo lililomkaa Taratibu moyoni. Redio ilipofunguliwa, alisema, aliiona ncha ya kiatu cha mgeni ikifuata muziki. Mke akacheka, akasema kaka yake huona kila kitu isipokuwa wezi. Taratibu hakucheka.

Kiti kilihamia barazani kwa mkewe na kipo hapo mpaka leo. Wachukuzi walivuka barabara wakakifuata, na sasa wanalala kwa mlio wa cherehani, hawajambo. Wa bandarini wamebadilika, chumba kimekuwa stoo ya maboya. Kinyongo Taratibu hana, ila lile la kiatu halikumtoka.

Maana asubuhi iliyofuata usiku ule, mgeni alipelekwa kwa boti ya abiria aikute meli yake bandari ya mbele. Taratibu alikwenda mpaka gatini. Alifumba macho, akayafumbua, akafumba tena, akanyoosha mikono kuuliza, na kwa kuwa mikono haikumtosha akaliuliza kwa maneno ya kwao, polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto. Mgeni alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akacheka vizuri, akapanda boti. Baadaye Taratibu alimuuliza shemeji, akamuuliza mkewe, akawauliza hata wachukuzi wale wawili, na kila mtu alikuwa na lake bila kuwa na jibu. Akinyoa mtu asiye na haraka, bado hulitoa hivyohivyo alivyolitoa pale gatini:

"Mzee mwenzangu, ulikuwa umelala kweli, au ulifumba macho tu mpaka meli iondoke?"