Byron Aliyekimbia Samaki wa Dunga

Mume wangu Byron ana adabu kupita kiasi. Anaendesha tuktuk hapa Kisumu, kazi ambayo wenzake wengi huifanya kwa honi na matusi, lakini yeye ukimgonga atashuka akuulize kama umeumia. Abiria akisahau mwavuli wake, Byron atazunguka nao mtaani hadi ampate mwenyewe. Mimi Mungu alininyima upole huo. Nasuka nywele Kondele, na pale ukikaa kimya wateja wako wanachukuliwa mbele ya macho yako, kwa hiyo sikai kimya. Watu wetu husema Byron alinioa ili nimsemee.

Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, watoto walienda Ahero kwa shangazi yao. Nyumba ikawa kimya mpaka ikaniudhi. Ijumaa jioni nikamwambia Byron kwamba Jumamosi na Jumapili hatufanyi kazi. Tunakula nje, tunatembea mjini kama wageni. Huyu mtu amepeleka watu Dunga, makumbusho na kila hoteli ya ufukweni tangu tuoane, lakini huwashusha akageuza. Kisumu yake inaishia getini.

"Na tuktuk?" akauliza.

"Tuktuk inakuja na sisi. Kesho customer ni mimi."

Asubuhi aliiosha ikang'aa. Nikakaa nyuma peke yangu kama mheshimiwa, nimevaa rinda la bluu ambalo huwa nalitunzia harusi. Kila tulipopita watu walitupungia mkono wakidhani tunabeba abiria, na kila mara Byron alipunguza mwendo kuwaomba radhi. "Pole mama, leo nimebeba bibi." Hadi tufike Kaloleni mji mzima ulikuwa na habari zetu.

Kaloleni tulikunywa chai kwa Safia, mama mmoja ambaye mahamri yake huisha kabla jua halijakolea. Tulikula kwa mbaazi za nazi, tukaongeza, na Byron akalamba vidole akidhani simwoni. Kisha tukaenda makumbusho. Alikuwa ameingia mle mara moja tu, akiwa darasa la nne. Alisimama mbele ya tangi la samaki akawataja mmoja mmoja kwa jina la Kijaluo, akashangaa kuona kambare anaogelea badala ya kukaangwa. Mbele ya nyoka alinishika mkono. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kama msichana, na nilikuwa nikijiambia kwamba mume wangu ni wangu na hana mambo mengine.

Saa za chakula cha mchana tukashuka Dunga. Unajua pale mambo yalivyo: unachagua samaki wako mwenyewe, wanampeleka kwenye mafuta, na wewe unakaa ukisikilizia harufu. Nilichagua ngege mmoja mkubwa, nikaagiza ugali na osuga, mboga chungu ambayo Byron anaipenda kuliko nyama. Tukapata meza karibu na maji. Nilikaa nikitazama ziwa, mgongo kwa watu. Byron akaenda bombani kunawa mikono.

Aliporudi hakuwa Byron niliyemwacha. Macho yamemtoka, maji yanamdondoka mikononi, na hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti changu kama pazia.

"Mama Becky, wacha twende."

"Twende wapi? Samaki iko kwa moto!"

"Tumbo. Tumbo inaniuma vibaya sana."

"Si uende choo ukuje?"

"Hapana. Twende sasa hivi."

Hapo ndipo nikasikia kicheko. Mwanamke alikuwa akicheka nyuma yetu, huko meza za ndani chini ya makuti, kicheko kirefu kinachopanda halafu kinakatika kwa kukosa pumzi. Niligeuka, Byron akasogea akaniziba. Nikapata kuona kofia tu, kofia ya manjano ya ukingo mpana, ya mwanamke aliyekaa na mwanamume. Byron alinishika bega, akaongea na mhudumu, akamwachia pesa ya samaki ambaye hatukumwonja, na tukatoka kwa kuzunguka nyuma ya jikoni, katikati ya moshi.

Njiani tumbo lilipona. Nilijua limepona kwa sababu tulipofika Nyalenda alininunulia mahindi choma na yeye akala mawili.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi ni msusi. Kwenye kiti changu wanawake husimulia kila kitu, na hadithi nyingi huanza hivyohivyo: mume mpole, asiye na neno na mtu, kisha siku moja anaona mtu hotelini na tumbo linamuuma ghafla. Mwanamume hakimbii mwanamke asiyemjua. Nilimtazama Byron akikoroma, nikajiuliza ni nani huyo wa kofia ya manjano, na ana nini cha kuchekea.

Jumapili sikumwambia kitu. Tulienda ibada ya kwanza, halafu akanipandisha mlima wa Riat, tukautazama mji wote kutoka juu. Kulikuwa na upepo mzuri. Ziwa lilitandaa hadi macho yakachoka, na gugumaji lilikuwa limejikusanya upande mmoja. Byron alikuwa akinionyesha: pale kiwanja cha ndege, pale bandari, pale Kondele, kiti chako kiko pale. Alikuwa mchangamfu kiasi cha kunikera. Nikasema moyoni, mwizi akishaona hakushikwa huwa hivi.

"Wacha tukule kuku Kisian," akasema. "Kuna mahali watu wanasifu. Huko hakuna watu wengi."

"Unaogopa watu siku hizi?"

Tuliteremka, tukashika barabara ya Busia, tukapita Otonglo, na Kisian tukaingia kwenye uwanja wa hoteli moja yenye miti na meza za mbao. Mhudumu, msichana anayeitwa Dolphine, alituambia kuku wa kienyeji anachukua muda, tuvumilie. Tukavumilia. Byron alikuwa ameanza kunisimulia habari za mteja wake mmoja aliyepanda na mbuzi wawili, na mimi nilikuwa nimeanza kusahau hasira. Kisha nikakisikia. Kicheko kilekile. Kilitoka upande wa pili wa ua wa michongoma, kikapanda, kikakatika.

Byron alikuwa ameshasimama.

"Keti," nikasema.

"Dorca, tafadhali. Twende."

"Byron Ochieng, huyo mwanamke ni nani?"

"Si vile unafikiria."

"Basi niambie vile sifikirii!"

Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. "Siwezi kusema," akajibu, na hayo maneno ndiyo yaliyonimaliza. Nilivua viatu vyangu vya kuendea harusi, nikavishika mkononi, nikauzunguka ule ua. Sijui nilitaka kuvitumia vipi. Nilichojua ni kwamba kama nampoteza mume wangu, basi nitampoteza nikiwa nimemwona huyo anayecheka.

Niliiona kofia ya manjano. Chini ya kofia alikaa mama yangu.

Wacha nimweleze mama yangu, maana hapo nilisimama muda mrefu. Anaitwa Achola, ni fundi wa nguo Katito. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu siku hiyo mama aliinamia cherehani akashona sare za shule za watoto wa watu ili mimi nipate ya kwangu. Nguo zake ni za rangi ya udongo. Huongea kwa kipimo, na akifurahi hutikisa kichwa tu. Ijumaa nilipompigia simu aliniambia ana semina ya akina mama kanisani wikendi nzima. Na sasa yuko Kisian, kofia ya manjano kichwani, kipapatio cha kuku mkononi, mbele ya mzee mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Machozi ya kucheka yalikuwa bado mashavuni mwake. Aliponiona, kicheko kilikatika kama mtu amezima redio.

"Dorca," akasema. "Mbona umeshika viatu?"

Niliviweka chini.

"Huyu ni Mzee Wabwire," mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Anakaa Otonglo. Ndio hunitengenezea mashine."

Mzee akasimama, akanisalimia kwa mikono miwili. Ni Msamia, mjane kama mama, na hutembea masokoni akitengeneza cherehani. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba cherehani ya mama imekuwa ikiharibika mara nyingi sana mwaka huu.

Nikakimbia kurudi kwa Byron. Nilimkuta amesimama nyuma ya tuktuk, ameinamisha kichwa, amegeuza uso barabarani. Hapo akili yangu ikaamka. Kwetu mwanamume hali meza moja na mama mkwe wake, wala hamtazami akila. Akienda kwake atapewa chakula katika nyumba nyingine, na wakikutana njiani kila mmoja atashika upande wake. Vijana wengi siku hizi hawajali, lakini Byron wangu, anayeomba msamaha kwa kugongwa, angeanzia wapi kutojali? Akitoka bombani Dunga alikuwa amemwona maro wake, mama mkwe mwenyewe, akitafuna samaki.

"Uliona ni mama," nikasema. "Ungeniambia tu! Mimi si mkwe. Mimi ni mtoto wake!"

Alikuwa bado hanitazami. "Ningekuambia ungeenda pale."

"Ndiyo, ningeenda!"

"Na angeacha kucheka," akasema Byron. "Dorca, tangu nikuoe sijawahi kusikia mama yako anacheka. Nikasema wacha nikose samaki. Wacha hata unikasirikie."

Nilishindwa kusema. Mimi, Dorca wa Kondele, nilishindwa kusema. Kicheko hicho nilikisikia siku mbili, nikakichukia, nikakipangia viatu, na sikukijua. Kilikuwa cha mama yangu na sikukijua. Nililia pale pale kando ya tuktuk, na Byron akanipa ile taulo ya kupangusia kioo, kwa sababu hakuwa na kingine.

Tulipomaliza hayo, kulikuwa na shida ya meza. Byron alitaka abaki kwenye tuktuk. Nikakataa. Nilimwita Dolphine, nikamwambia asogeze meza yetu karibu na ile nyingine lakini kiti cha mume wangu kiangalie ule ua. Dolphine akauliza kama bwana anaumwa. Nikamwambia hapana, ana mama mkwe. Akacheka, akaelewa, maana na yeye ni wa hapahapa. Mama naye akageuza kiti chake, akampa Byron mgongo. Kwa hiyo wakakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, na mimi katikati nikawa simu yao, nikaanza kwa kumsimulia mama habari za tumbo la Dunga.

"Muulize mume wako kama tumbo imepona," akasema mama.

"Byron, anauliza tumbo."

"Mwambie imepona, ero kamano, asante."

Mzee Wabwire aliangalia huku na huku, akasema kwao Busia mambo ni karibu hayohayo, lakini hajawahi kuona yakifanywa kwa kuku mmoja. Alikuwa mcheshi, nakubali. Alimtolea mama kipande cha ini bila kuulizwa, na mama akakipokea bila kushangaa, kwa hiyo nikajua si mara ya kwanza.

Kisha mama aliacha kula. Aliivua ile kofia akaiweka mapajani.

"Nyathina," akaniambia, na huwa haniiti mtoto wangu ila kuna jambo. "Mzee anataka kukuja nyumbani Desemba. Aonekane na watu. Nimekaa nikifikiria vile nitakuambia, nimeshindwa. Hata semina nilikudanganya. Si ati nimesahau baba yako."

Mzee Wabwire alitazama sahani yake. Nyuma yangu Byron aliacha kutafuna. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kofia kwa mikono miwili, akiukunja na kuukunjua. Mwanamke huyu alimzika mumewe akiwa kijana, akanisomesha kwa sindano na uzi, akagombana na kila mtu aliyetaka kumnyang'anya shamba, na hakuogopa. Sasa alikuwa akiniogopa mimi. Iliniuma kuliko yote niliyoyawaza usiku ule.

"Desemba tarehe gani?" nikauliza.

"Hatujapanga. Tulikuwa tunangoja wewe."

"Basi mpange mapema, niwaambie wateja. Nitakuja siku mbili kabla."

"Kufanya nini siku mbili?"

"Mama, mgeni anakuja kwetu mara ya kwanza. Unataka apikiwe na nani?"

Mama alivuta sahani, akachambua paja la kuku polepole mpaka mfupa ukabaki mtupu, akakusanya nyama yote kwenye tonge moja la ugali. Kisha akainuka kidogo kwenye kiti, mbele ya Mzee Wabwire na Dolphine na watu wote waliokuwa wakila Kisian Jumapili hiyo, akaniwekea mdomoni kama mtoto. Nami nikala.